Nimeroweka Siku Saba

Nianze na yule mama, kwa sababu ndiye aliyenifanya niwe mtu wa pilipili. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama katika kanisa letu pale Kibomet, mjini Kitale. Jina lake silitaji. Msidhani ni heshima. Sitaki tu kumpa hata hiyo nafasi ndogo ya kuandikwa. Kama yuko hai, ajue bado sijapoa. Kama amekufa, basi.

Mama yangu alikuwa mpishi. Sisemi kwamba alijua kupika, kila mama anajua kupika. Nasema kwamba matanga yakitokea, kabla hata maiti haijatoka mochari, watu walikuwa wakiulizana, "Ameitwa?" Harusi, ubatizo, ugeni wa wakubwa wa kanisa, yeye ndiye aliyefunga leso kiunoni na kushika mwiko. Hakuwa na kiti cha mbele, kusoma alisoma kwa kuhesabu herufi, na sikuwahi kumsikia akisimama kutoa neno. Lakini watu walikula kutoka mkononi mwake, na kwa hilo alikuwa mtu mkubwa pale Kibomet. Alilijua. Ukimwona siku ya shughuli alivyokuwa akitembea kati ya masufuria, ungejua analijua.

Soseji alijifunza ujanani, jikoni kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Naitiri, kabla mzungu huyo hajauza na kwenda zake. Kila mwaka, mahindi yakishakauka na asubuhi za Kitale zikaanza kuuma vidole, tulichinja nguruwe kwa ajili ya Jumapili ya mavuno kanisani. Kazi ya matumbo ilikuwa yangu. Niliyageuza nje ndani kwa kijiti, nikayasugua kwa chumvi na ndimu mpaka yakawa meupe na membamba kabisa. Nyama mama aliikata kwa kisu, mashine hakuitaka, akachanganya na dania na kitunguu saumu, akaijaza kupitia shingo ya chupa iliyokatwa. Kisha tulizitundika juu ya moshi wa jikoni, na kwa siku mbili nyumba nzima ilinukia mpaka mbwa wa majirani walihamia kwetu.

Lakini soseji zilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa sosi, na sosi ile, jamani, ilitisha.

Pilipili zilitoka Chwele siku ya soko, zile kichaa, ndogo nyekundu zinazosimama kichwa juu. Mama alizitia kwenye chungu pamoja na chumvi, kitunguu saumu na maji ya ndizi zilizochacha, akafunika kwa jani la mgomba, akafunga kwa kamba na kusukuma chungu chini ya kitanda, kizani. Siku ya tatu chungu kilianza kuongea. Pwi. Pwi. Kimya. Halafu pwiii, ndefu, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu four, nilijua ni hewa tu inatoka, na bado sikupenda kuingia chumba kile peke yangu. Siku ya saba alizitoa, akachoma nyingine mbichi juu ya makaa mpaka zikawa nyeusi, akasaga zote pamoja na kuzipika kwa mafuta. Ilitoka nyeusi tii. Juu yake mafuta mekundu yalielea kwa miviringo iliyofunguka na kufumba. Ukiinama juu ya bakuli unaona inakutazama.

Na kulikuwa na sheria yake. Kwetu pilipili hupewi mkononi. Unaiweka chini, mwenzako anaichukua mwenyewe, maana mkipeana mkono kwa mkono mtagombana. Mama aliishika sheria hiyo hata na mimi mwanawe, hata nikiwa nimenyoosha mkono na chakula kinaungua jikoni. "Iko hapo," alikuwa akisema, "chukua."

Basi Ijumaa moja kabla ya mavuno, yule mwenyekiti akaja kuona kila nyumba italeta nini. Alikuwa na lake moyoni. Wazee wa kanisa walikuwa wamesema mgeni wa mavuno atapikiwa na mama yangu, na yeye alikuwa amemtaka dada yake. Akaketi sebuleni, akanywa chai yetu, akala mkate wetu. Chungu kikaongea.

"Nini hiyo?" akashtuka.

Mama akacheka. Alipenda sana kuulizwa habari za jikoni. "Ni piripiri, mama. Nimeiroweka siku saba, kwa kiza. Ndio maana inaongea."

Mama alikuwa mtu wa Bungoma, na kwetu Bungoma l na r hupishana zinavyojisikia. Kuloweka akasema kuroweka. Sote nyumbani tuliongea hivyo. Mwenyekiti mwenyewe aliongea hivyo! Kila Jumapili alikuwa akiomba, "Bwana bariki hiki chakura," na hakuna aliyemcheka. Mkumbuke hilo.

Akataka kuonja sosi ya mwaka uliopita, iliyobaki kwenye chupa. Akanyoosha mkono. Mama akamimina kidogo kwenye kisahani na kukiweka juu ya kigoda.

"Ata kunipa kwa mkono unakataa?"

"Ni piripiri, mama. Tusije tukagombana."

Yule mama alitazama kile kisahani bila kukigusa, akaaga na kwenda zake.

Jumapili watu walijaa. Mahindi, maboga, kuku wa kufungwa miguu, kila kitu kililetwa madhabahuni, na baada ya ibada tukatoka nje kwenye nyasi kula. Mama alikuwa kwenye meza ndefu, leso kiunoni, akipakua. Watu walichovya soseji, wakalia machozi, wakachekana, wakarudi kuongeza. Mzee mmoja wa kwaya alipaliwa, akakohoa mpaka akashika mti. Hayo yalikuwa mambo ya kila mwaka, nusu ya utamu ilikuwa kuona nani atakohoa.

Ndipo mwenyekiti akasimama kando ya meza na sahani yake ambayo hajaigusa. "Mimi hii sikuri," akasema.

Mtu akamuuliza kwa nini.

"Mwenyewe aliniambia na mdomo yake. Ati nimeiroga siku saba, kwa kiza. Na hicho chungu kinaongea, nimekisikia na hii masikio yangu. Ata kukupa kwa mkono hawezi."

Mmoja akacheka, akingoja wengine wacheke. Hawakucheka. Mzee wa kwaya bado alikuwa ameshika mti, akikohoa.

"Nirisema kuroweka!" mama akasema. "Kuroweka! Niriroweka!" Na kadiri alivyohangaika ndivyo neno lilivyozidi kugeuka mdomoni mwake, likawa karibu zaidi na lile lingine. Mimi nilikuwa na l ya shule. Nikapaza sauti, "Ku-lo-we-ka! Amesema kuloweka, na mnajua amesema kuloweka!" Mama mmoja akanigeukia na kuniambia, "Wewe msichana, nyamaza." Sahani zikaanza kuwekwa chini kwenye nyasi. Hakuna aliyetupa. Waliziweka polepole, kwa adabu, zikiwa bado na chakula.

Alisikia vizuri, yule. Hilo nitalisema mpaka nizikwe. Mtu anayeomba "chakura" hawezi kuniambia hajui kuroweka ni nini.

Tulirudi nyumbani na karai la soseji bado limejaa. Hakuna aliyetuita mbele ya wazee, hakuna aliyemshtaki mama, laiti wangemshtaki tungejibu. Matanga yaliyofuata, mama alikwenda na leso yake na mwiko wake kama kawaida. Msichana mmoja, ambaye mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupika wali, akamtoa mwiko mkononi, taratibu, akitabasamu. "Mama, wewe pumzika."

Pumzika! Mwanamke hajafika hata miaka hamsini, anabeba debe la maji kichwani na ndoo mkononi, ati apumzike. Lakini wakashika hiyohiyo. Harusini, pumzika. Ubatizoni, pumzika, keti hapa na wageni. Akawa anaketi na mikono imelala mapajani, akitazama wengine wakiunguza vitunguu. Soseji hakupika tena, na chungu kilikaa nje, kuku wakatagia humo. Nyumbani alipika ugali na mboga, akala kidogo. Hakumlaumu mtu. Mimi nililaumu kwa niaba yetu wawili.

Nikaapa. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha lile karai, nikasema kwa sauti kuku wakasikia: yule mama atakula kutoka mkononi mwa mama yangu, mbele za watu, na atalia.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa Bungoma mjini. Nilikodi chumba karibu na soko, nyuma yake msikiti, nikafungua hoteli ya meza tatu na benchi. Kwa ajili ya majirani nikaacha nguruwe, nikajaza soseji kwa nyama ya ng'ombe kutoka bucha ya Waislamu. Sosi ilikuwa ileile ya mama, siku saba, kizani, inaongea. Nikamwita mchoraji, akaniandikia kibao, nikakitundika ukutani juu ya benchi, herufi nyekundu: SOSEJI NA NIMEROGA.

Watu wa Bungoma nao! Hawakuhitaji kuelezwa. Wiki ya kwanza tu vijana wa baiskeli, wale bodaboda, walikuwa wakiingia na kusema, "Niaje, siste, leta mbili na uniroge kidogo." Mwingine, "Mimi niroge nusu, jana si ulinimaliza bana." Mwenye mafua alisema, "Leo niroge kabisa." Akina mama wa sokoni walituma sahani: ya kurogwa mbili, ya bila kurogwa moja. Nilikuwa nikifurahi mpaka naona aibu. Neno lile lililomkalisha mama kitako, mimi nilikuwa nimelinyang'anya na kulitia chumvi, na mji mzima ulikuwa unalila. Kila "niroge" niliyoisikia nilihesabu ni kofi kwenye shavu la yule mwenyekiti.

Mama sikumwambia. Alijua nauza soseji, hakuuliza zaidi, na hakuwahi kuja.

Halafu kulikuwa na chupa. Kila msimu wa mavuno nilipika sosi nyingine, kando, isiyo ya kuuzwa. Mama mmoja Mwislamu aliyeuza viungo karibu na msikiti alikuwa akiniletea pilipili mbuzi kutoka pwani, zile za mviringo zilizokunjamana. "Hizi si za chakula, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza. "Hizi ni za kesi." Nikamwambia hata mimi nina kesi. Nilijifunga kitambaa mdomoni, nikachoma, nikasaga, na kila ngumi ya pilipili iliyoingia kinuni ilikuwa na jina lake. Hii ya sahani kwenye nyasi. Hii ya mwiko. Hii ya pumzika. Majirani walifunga madirisha. Mwaka mmoja mwadhini alituma mtu kuniuliza kwa upole kama ningeweza kungoja adhana iishe, maana sauti ilikuwa haitoki. Nikangoja, nikaendelea. Chupa niliifunga uzi mwekundu shingoni na kuiweka rafu ya juu kabisa, na ya mwaka uliopita nikaimwaga isije ikapungua makali. Walioiuliza niliwaambia ni ya mgeni.

Ilikuwa chupa ya sita au ya saba wakati mama alipoanza kuumwa macho. Daktari wa Kitale akamwandikia aje hospitali Bungoma, na bila shaka angekaa kwangu. Nikafurahi, kisha nikakumbuka kibao.

Nilitundika leso juu yake, kama inayokaushwa. Vijana wa bodaboda nikawakusanya. "Wiki hii hakuna kurogwa. Mtu akisema hilo neno hapa, hali tena kwangu."

"Sasa tuseme aje?"

"Semeni pilipili, kama watu."

Wakasema, "Leta mbili na piripiri," huku wakitazamana na kuzuia kicheko.

Siku ya kwanza mama aliketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Siku ya pili nilikuwa nimezidiwa na wateja, soseji zinaungua, nikasikia mtu ananisogeza kwa kiwiko. Alikuwa amefunga leso kiunoni. Akanitoa mwiko mkononi bila kuniuliza, akapunguza makaa, akageuza soseji moja moja, akapakua, akapeleka mwenyewe. Wale vijana walikula, wakarudi, wakamwita "Mayi," mama, kwa Kibukusu, wakamwambia, "Mayi, wewe usirudi Kitale." Niliona mgongo wake ukinyooka. Nikageuka kwenye moshi nikalia, na si moshi ulioniliza.

Siku ya tatu, saa saba mchana, akaingia yeye.

Alikuwa na wenzake watatu wenye vitambaa vya kichwa vya aina moja, wametoka kwenye mkutano wa akina mama. Alikuwa amenenepa, anatembea kwa kuegemea meza, lakini sauti ilikuwa ileile. Hakunijua. Akaketi benchini, chini kabisa ya kibao, akasema, "Binti yangu, tumesikia hapa iko soseji na sosi kari kari. Ile mnaita, mnaita nini... niroge!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya, niroge!"

Hakukumbuka. Nilimtazama machoni nikitafuta hata aibu kidogo, hata kivuli chake, sikuona kitu. Alikuwa amemvunja mama yangu na kusahau, kama mtu anayesahau mwavuli.

"Karibu mama," nikasema. "Ngoja kidogo."

Nikapanda kigoda, nikateremsha chupa ya mgeni, nikakata uzi. Nilijaza kisahani mpaka ukingoni, nyeusi, mafuta yakifunguka na kufumba. Nikainua kichwa, mama amesimama mbele yangu na sahani ya soseji.

"Reta," akasema. "Nitapereka mimi."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kukiangusha. Nataka iandikwe hivyo, kwamba ningeweza. Lakini ndivyo nilivyokuwa nimeapa, kutoka mkononi mwa mama, na nilikuwa na njaa ya jambo hilo kwa miaka mingi mno. Nikaweka kisahani chini. Akakichukua.

Alifika mezani, akamwona ni nani, akasimama. Nilidhani atarudi. Hakurudi. Aliweka sahani, na kisahani akakiweka pembeni, mezani, si mkononi. Mwenyekiti akainua uso. Safari hii alikumbuka. Kicheko kilikauka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Bado unapika?"

"Bado," mama akasema. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kura, mama."

Wenzake walikuwa wakimtazama. Vijana benchini walikuwa wakimtazama. Yule mama akachukua soseji kutoka sahani ya mama yangu, akatafuna, akameza. Akatikisa kichwa. "Ni tamu," akasema. "Ni tamu, kwa kweri." Na uso wa mama ulifunguka hivi, sikuwa nimeuona hivyo tangu nikiwa msichana. Ilikuwa imekwisha. Kila kitu nilichokitaka kilikuwa hapo mezani, na hakikuhitaji tone la pilipili. Ndipo mwenyekiti akachovya.

Akashika koo, akatoa sauti ambayo sikuwahi kusikia mtu mzima akiitoa. Machozi, makamasi, kitambaa kikaanguka, meza ikapinduka. "Maji! Maji!" Sitadanganya: nilisikia raha. Ilinishuka mpaka miguuni. Na wale vijana, ambao walikuwa wamejizuia siku tatu nzima, wakalipuka. "Amerogwa! Woi, huyo amerogwa kabisa!"

Mwenzake mmoja alitafuta kitu cha kumfuta, akaona leso ukutani, akaivuta.

Mama alikuwa amesimama katikati ya kicheko kile. Akatazama kibao. Alisogea karibu kwa sababu ya macho, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza baada ya "na", akazihesabu moja moja kama alivyozoea. "Ni. Me. Ro." Akafika mwisho. Yule mwenyekiti alikuwa amebaki na kwikwi tu.

"Nani ameandika?"

"Ni mimi, mama."

Hakunigombeza. Alinipita akaenda jikoni, nami nyuma yake nikisema sijui nini, nikieleza kwamba ni mzaha, kwamba tuliowachezea ni wale wa kanisani, kwamba watu wanapenda. Akafungua leso kiunoni, akaikunja mara mbili, akainyoosha kwa kiganja. Akachukua mwiko. Nilinyoosha mkono kuupokea. Hakunipa. Aliuweka chini, juu ya kigoda, niuchukue mwenyewe.

"Wacha nipumzike," akasema.